Pedi mpya zinaniwasha, nijaribu sabuni ya manukato?

Mdogo wangu wa Igombe, kwanza pole. Unasema pedi mpya zenye manukato zimekuletea muwasho, sasa unataka kujaribu sabuni ya maji ya kuoshea ukeni wanayotembeza mtaani. Mimi ningeiacha. Uke unajisafisha wenyewe. Una bakteria wazuri wanaoulinda, ukiwaosha fangasi wanapata nafasi. Nawa nje tu, kwa maji safi. Harufu ya stroberi tuiachie juisi.

Hizo pedi ziweke pembeni, mwezi ujao tumia zisizo na manukato, na usibadilishe kingine chochote ili ujue mchawi ni nani. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Ukihamia za kitambaa, loweka kwenye maji ya baridi, maana ya moto yanagandisha damu, kisha fua, suuza mpaka povu liishe, anika juani. Najua wengi huzifunika na khanga kwa aibu, zikabaki mbichi mbichi. Zikivaliwa hivyo, muwasho unarudi palepale.

Usipopata nafuu, nenda zahanati. Umesema unaoga na kufua ziwani: mwambie mhudumu hilo bila kusubiri akuulize. Kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa kwenye maji kama ya ziwa, hushambulia hata shingo ya kizazi, kikaleta muwasho, uchafu au damu baada ya tendo, na mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Kina dawa yake, prazikwanteli, na vidonge hupimwa kulingana na uzito wako.