Mtaa mzima unamwita Pele, bibi yake amenuna

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 11 tulimpa jina la marehemu babu yake mzaa baba, Salum. Lakini kwa ajili ya mpira kila mtu humwita Pele, hata mimi nimezoea, na juu ya daftari lake kaandika Pele. Mama mkwe akimwita "mume wangu Salum", mtoto haitiki. Bibi amenuna, anasema tumemzika mumewe mara ya pili. Nimkataze? Mama Salum, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Usimkataze. Ukilipiga marufuku atalipenda zaidi, na jina la babu ataliona adhabu.

Pelé mwenyewe alipewa jina la Edson, kwa heshima ya Thomas Edison, yule wa taa za umeme. Kwao walimwita Dico. Hilo la Pelé alibandikwa na wenzake shuleni, akalichukia hasa. Alisimulia mwenyewe kwamba alimpiga ngumi aliyemwita hivyo, akasimamishwa masomo siku mbili. Kadiri alivyokasirika ndivyo lilivyomganda, hadi anafariki Desemba 2022. Mwaka uliofuata Rwanda ikaupa uwanja wa Nyamirambo, Kigali, jina hilohilo.

Ila wa kumsimulia mwanao ni Abedi Pele wa Ghana, Mwanasoka Bora wa Afrika mara tatu mfululizo, 1991 hadi 1993. Pele ni la uwanjani. Ukoo wake ni Ayew. Wanawe André na Jordan wameichezea Ghana kwa jina la Ayew, na hakuna aliyeona kwamba wamemvunjia baba heshima.

Kinachoniuma kwenye barua yako ni kwamba Salum limebaki mdomoni mwa bibi peke yake. Mtoto ataitikaje jina analolisikia kwa mtu mmoja? Wewe na baba yake anzeni leo: kwenye chakula, kwenye kumtuma dukani, Salum. Pele waachieni wenzake wa mpira.

Kwa mama mkwe aende kwanza mumeo, maana ni mama yake, amtake radhi. Kisha mpelekeni mtoto akakae naye Ijumaa nzima, asimuliwe babu alikuwa mtu wa namna gani. Nina hakika hajawahi kuambiwa.

Na shuleni nenda wiki hii. Hakikisha jina kwenye rejista ni lile la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, kabla hajaandikishwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kurekebisha baadaye ni viapo, nauli na foleni.