Kwezi wa Nairobi: Maswali Yenu

Hapa kwetu Lang'ata huja ndege waitwao kwezi, wenye mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya kutu. Baadhi wana macho meupe, wengine mekundu. Ni dume na jike?

La. Dume na jike wa kwezi hawa hufanana, na kwa kuwatazama tu hata mimi siwatambui. Hao ni jamaa wa spishi mbili. Wa macho meupe ni kwezi maridadi, yule yule anayedonoa makombo chini ya meza za hoteli. Wa macho mekundu ni kwezi wa Hildebrandt, aliyepewa jina la Mjerumani aliyekusanya mimea na wanyama Afrika Mashariki karne ya 19. Wengi hukazania tumbo, na hilo ndilo linalowapoteza. Tazama kifua: maridadi ana mkanda mwembamba mweupe kati ya buluu na kutu, Hildebrandt hana. Kisha ngoja ainue mkia. Chini yake maridadi ni mweupe, Hildebrandt ni kutu tupu. Nawe una bahati, maana Hildebrandt anaishi Kenya na Tanzania pekee.

Wangu ana macho meusi na mkanda hauonekani vizuri. Ni aina ya tatu?

Yaelekea ni mchanga. Wadogo wa spishi zote mbili huwa na macho ya giza na rangi iliyofifia. Angalia chini ya mkia.

Mbona akiingia kivulini anakuwa kama mweusi?

Buluu ile haitokani na rangi ya buluu. Ndani ya unyoya mna chembe za melanini, rangi nyeusi ya mwilini, zilizopangwa kwa tabaka, na mwanga ukizipiga hurudi kwetu ukiwa buluu au kijani. Pasipo mwanga wa kutosha, hakuna buluu. Kutu ya tumboni ni rangi halisi, ndiyo maana haipotei.

Naweza kumfuga kwenye tundu?

Bila kibali, hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza. Weka sahani ya maji bustanini.

Nimeona kwezi maridadi wanne wakilisha makinda ya kiota kimoja. Wazazi ni wepi?

Huenda ni wawili tu, wengine ni wasaidizi. Watafiti wamewafuatilia ndege hawa Laikipia kwa miaka mingi. Wasaidizi wengi ni ndugu wa makinda, ila wapo wasio na udugu wowote, na anayelisha makinda ya mwenzake msimu huu huweza kusaidiwa na mwenzake huyo zamu yake ya kutaga ikifika.