Vitu vyeupe kama pamba kwenye okidi ni vidung'ata

Umeuliza hivyo vitu vyeupe kama pamba kwenye ua lako la okidi ni nini. Umesema umeviona kwenye maungio ya majani na majani yananatanata, basi hao ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, sio ukungu, usihangaike na dawa za ukungu. Kwanza itenge hiyo okidi na mimea mingine leo leo maana wanatambaa. Chukua spiriti ya asilimia 70, chovya kijiti cha pamba cha masikioni, mguse mmoja mmoja, utaona ule weupe unayeyuka anabaki kadude ka pinki hivi, huyo mfute. Chokonoa pale jani linapokumbatia shina na nyuma ya maua, ndo wanapopenda kujibana. Ila usiimiminie spiriti mizizi wala usiiweke juani ikiwa bado mbichi, majani yataungua.

Sasa watu wengi wanafeli hapa, wanafanya mara moja wakiona pasafi wanaacha, kumbe mayai yapo, wiki ijayo wamerudi wote na ukoo wao 😅 Rudia kila baada ya siku 7 mara 4 hivi. Wakigoma itoe kwenye chungu uangalie mizizi, wakati mwingine wamejificha huko, tupa yale magome ya miti ya zamani iliyopandwa ndani yake, upande upya.

Na maji punguza, subiri mizizi iwe ya kijivu ndo umwagilie, ikiwa kijani bado ina maji. Yakituama pale katikati ya majani yafyonze na tishu, pakioza hapo hiyo ndo basi tena.