Muulize Fundi wa Sauti: Kupiga muziki wa simu kwenye spika, chumba hakina intaneti

SWALI: Shikamoo fundi. Nimehamia chumba kisicho na intaneti na sina mpango wa kuivuta. Dada amenizawadia spika ya Wi-Fi, na ninayo amplifaya ya zamani ya marehemu baba ambayo bado inanguruma vizuri. Nyimbo zangu nyingi nimeshazipakua kwenye simu ya Android. Spika imegoma, inadai niiunganishe na mtandao wa nyumbani. Nikiwasha hotspoti naogopa bando litaisha. Nifanyeje?
– Msomaji wa chumba kipya

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, hiyo amplifaya usiiuze. Nitairudia.

Spika yako inapodai mtandao wa nyumbani, inachotafuta hasa ni mahali pa kukutana na simu. Ruta huvikutanisha vyombo viwili hata kama haina intaneti kabisa, na hotspoti ya simu inaweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Wimbo uliokwisha kupakuliwa ukitoka kwenye simu kwenda kwenye spika haugusi bando. Bando linaliwa pale unapopiga wimbo ulioko mtandaoni. Vifaa vya aina ya Chromecast, kwa mfano, ukivitumia na programu za muziki wa mtandaoni huwa havipokei wimbo kutoka kwenye simu. Simu huvielekeza tu, navyo vikaufuate vyenyewe huko intaneti.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa hotspoti, na kwenye mipangilio yake chagua masafa ya GHz 2.4, maana spika nyingi za bei ya chini haziijui GHz 5. Spika nyingine zitataka intaneti siku ya kwanza tu, ili zisajiliwe. Zipe hizo megabaiti chache, kisha zima data na uache hotspoti ikiendelea. Ikiwa programu ya spika haiioni spika kwenye simu hiyo hiyo inayotoa hotspoti, jambo ambalo hutokea sana, azima simu ya pili. Hiyo ya kuazima ndiyo itoe hotspoti, halafu simu yako na spika vyote viingie humo.

Lakini kabla hujahangaika kote huko, igeuze hiyo spika uangalie kama ina kitufe chenye alama ya Bluetooth. Spika nyingi za Wi-Fi zinayo. Ukikuta kitufe, kibonyeze mpaka taa ianze kumweka, nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, chagua jina la spika, umemaliza. Bluetooth haihitaji ruta, hotspoti wala bando.

Sasa amplifaya ya mzee. Nunua kipokezi cha Bluetooth, kile kiboksi kidogo kinachotumia umeme wa USB, pamoja na waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Nyuma ya amplifaya utaona safu ya matundu. Chomeka kwenye AUX, CD au TAPE IN. Tundu la PHONO liache. Lile limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya sahani za santuri, ambayo sauti yake ni hafifu mno, kwa hiyo huikuza mara nyingi na kuisukuma besi juu. Ukiliingizia sauti ya kipokezi litakutolea mkwaruzo mtupu, na watu hudhani amplifaya imekufa. Nimeona vyombo vizima, vyenye afya, vikitupwa kwa sababu ya tundu hilo moja, na huwa inaniuma.

Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, kisha ongeza na kupunguza kwa kitasa cha amplifaya. Ukifanya kinyume, simu chini na amplifaya juu, utakuza pia mvumo wa kipokezi. Ukisikia mlio wa “mmmm” usiokoma, jaribu kukilisha kipokezi kwa chaja nyingine.

Usibabaishwe sana na majina ya kodeki, yaani njia za kuifinya sauti ili isafiri, kwenye maboksi. Vyombo vyote vya muziki vya Bluetooth ya kawaida vinaijua SBC, ambayo kwa kiwango chake kizuri hupitisha takriban kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC ya Sony hufika 990, ila lazima simu na kipokezi vyote viijue. Kwa nyimbo za kupakua, mahali utakapoziweka spika pana uzito kuliko namba hizo. Zisogeze mbali kidogo na kona uisikie besi ikitulia.

SWALI: Muziki wa Bluetooth unakatikakatika nikiweka simu mfukoni. Juu ya meza uko sawa. Simu ni mbovu?

JIBU: Simu ni nzima. Bluetooth husafiri kwenye GHz 2.4, na mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji mengi, huyameza mawimbi hayo. Ukiipa spika mgongo na simu iko mfuko wa mbele, umejiweka ukuta katikati. Iache simu mezani ikionana na spika, na uiweke mbali na maikrowevu inayofanya kazi, kwani nayo hutumia masafa hayo hayo.

SWALI: Kwenye filamu midomo inakwenda sawa na sauti, ila kwenye gemu mlio wa risasi unachelewa. Kwa nini?

JIBU: Bluetooth huifunga sauti, huituma, kisha huifungua upande wa pili, na hapo sehemu ya sekunde inapotea. Programu ya filamu inajua kitakachofuata, kwa hiyo huichelewesha picha ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi, kwa sababu inakusubiri wewe ubonyeze. Kwa gemu tumia waya.