Msomaji auliza: Binti yangu ni mashoto, gitaa ataliweza?

SWALI: Mzee, binti yangu ana miaka 12 na ni mashoto. Kula tu ndiko tulikomzoesha mkono wa kulia. Mjomba wake kamletea gitaa kutoka Unguja, naye analipindua juu chini. Jirani yetu mpiga udi anasema nyuzi zigeuzwe, au mtoto alazimishwe mkono wa kulia. Nifanyeje?
Mama wa mashoto, Wete

JIBU: Mwanangu, kula kwa kulia ni adabu, hapo siingii. Gitaa ni jambo jingine. Mimi nami ni mashoto. Chuoni nilichapwa vidole mpaka nikaandika kwa kulia, na hati yangu hadi leo kama kuku kapita majivuni. Mwache mtoto.

Alikuwapo bibi mmoja Mmarekani mweusi, Elizabeth Cotten, mzaliwa wa North Carolina, 1893. Kaka yake akitoka, yeye huku anadokoa banjo yake. Kisha akatumika majumbani mwa watu hata akanunua gitaa la dola 3.75. Nyuzi hakugeuza. Alilipindua vilevile kama binti yako: nene zikawa chini, akazipiga kwa vidole, na wimbo wenyewe akautoa kwa gumba kwenye nyembamba. Kinyume cha watu wote! Sikilizeni "Freight Train", aliyoitunga utotoni. Wenye mikono ya kulia wanahangaika kumwiga mpaka leo.

Kanisani wakamwambia aache nyimbo za kidunia, naye akaliweka gitaa miaka mingi. Siku moja, akiuza katika duka kubwa mjini Washington, akamwona mtoto kapotea, akamrejesha kwa mamake. Kumbe ni akina Seeger, nyumba nzima wanamuziki! Wakamwajiri kazi za nyumbani, na huko ndiko alikolishika tena, gitaa lao lililotundikwa ukutani. Mike Seeger akamrekodi, santuri ikatoka 1958, bibi ana miaka 65. Grammy akaipata 1985. Mimi hunijia Bi Kidude wetu, aliyepewa tuzo ya muziki wa dunia, WOMEX, 2005 naye keshakuwa bibi kizee.

Jirani yako ana haki kidogo: picha za vitabuni zinazoonyesha pa kubana vidole hazitamfaa, itabidi atafute kwa sikio. Na uzi mwembamba ndio ukatikao mapema, hasa mtoto akiukaza kupita kiasi. Mwambie mjomba akija tena alete nyuzi za akiba, mbili tatu.