Kupanga sauti za wanaume kwa kufuata watunzi wa kale: ushauri kwa walimu wapya wa kwaya Tabora

Mwalimu mpya wa kwaya anapokabidhiwa kundi la wanaume watupu, wawe ni waseminari, wanafunzi wa shule ya bweni ya wavulana, au akina baba wa parokia wanaojiandaa kwa sikukuu yao, karibu kila mara huchukua wimbo wa sauti nne uliozoeleka, akawapa tenori wa kwanza sauti ya soprano, akaushusha ufunguo, na kutumaini kwamba mengine yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Wimbo wa ufunguo wa G ukishushwa hadi D, tenori bado anakaza shingo kwenye noti za juu, na besi, ambaye awali aligusa G ya chini bila shida, sasa anadaiwa D ambayo wachache mno wanaimudu popote duniani. Waliobaki katikati wamebanana, na msikilizaji anapata mngurumo badala ya maneno.

Chanzo cha tatizo ni nafasi. Wanawake na wanaume wakiimba pamoja hutandaza sauti zao katika oktava tatu na zaidi, ilhali wanaume peke yao hubaki na oktava mbili na kidogo, tukihesabu kutoka F ya chini ya besi wa kawaida hadi A ya tenori mzuri. Kwa hiyo ninawashauri vijana wanaoanza kazi hii wasijifunze kupanga sauti za kiume kutoka kwenye vitabu vya nyimbo vya karne ya 19, vilivyoandikwa kwa sauti mchanganyiko, bali kutoka kwa watunzi waliotangulia, wa karne ya 12 hadi ya 16, ambao waliandikia watawa, makasisi na wavulana wa makanisa makubwa ya Ulaya, na ambao kuishi ndani ya nafasi finyu ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Wala msiyaone mambo hayo kuwa ya mbali. Solfa mnayoiandika ubaoni kila jioni ya mazoezi ina asili yake kwa mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyewafundisha waimbaji katika nusu ya kwanza ya karne ya 11 kwa kutumia silabi zinazoanzisha mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Waingereza Sarah Glover na John Curwen waliiunda upya katika karne ya 19, na kwa njia ya misheni ikatufikia. Aidha, wapo wazee waliosoma seminari kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ambao bado wanakumbuka kwa moyo nyimbo za Kigregori, yaani zile za kale za kanisa za Kilatini zinazoimbwa kwa sauti moja. Nenda ukamwamkie mzee wa namna hiyo, umwombe akuimbie Kyrie moja taratibu, na usikilize anavyovuta pumzi. Nusu saa hiyo itakufaa kuliko rekodi nyingi.

Somo la kwanza la wa kale ni kwamba sauti zinazolingana hazina haja ya kukaa kwa ngazi, mmoja daima juu ya mwenzake. Huko Paris, katika kanisa la Notre-Dame, mtunzi Pérotin na wenzake waliandika muziki wa sauti tatu na hata nne ambamo sauti zote za juu zinatembea katika eneo lilelile, zikipishana, huyu akipanda mwenzake anaposhuka, kisha wakibadilishana vipande vya wimbo. Kwetu mbinu hiyo ni hazina. Ukiwa na tenori wawili wenye uwezo unaokaribiana, usimfunge mmoja juu na mwingine chini kwa wimbo mzima. Mpe wa kwanza mstari wa juu, na sentensi inayofuata umpe wa pili mstari uleule huku wa kwanza akiimba uliokuwa wa mwenzake. Noti ni zilezile, lakini rangi ya sauti inabadilika, na hakuna koo linalochoka mapema.

Somo la pili linahusu upande wa chini, na hapa ndipo kazi nyingi ninazoletewa kuzikagua huharibika. Chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati ya kinanda, usiweke sauti mbili zilizo jirani kama do na mi. Noti za chini zikikaribiana kiasi hicho mitetemo yake hukwaruzana sikioni, na hata waimbaji wakiwa sahihi kabisa, wataonekana wamekosea. Acha do na so, au do na do ya juu yake, kisha mi iwekwe juu zaidi, kwa baritoni au tenori wa pili. Wengi hawaligundui kosa hili kwa sababu hujaribia kazi yao kwenye kompyuta, kwa programu kama MuseScore, na sauti ya piano ya programu hiyo ni safi mno kuonyesha ukungu utakaotokea akina baba ishirini wakiimba. Kijaribu kipande hicho na watu wawili tu kabla hujakinakilisha.

Niseme pia kwamba sikio la Mtanzania halipaswi kuona tabu na do na so zinazotembea sambamba. Watawa wa Ulaya waliieleza namna hiyo ya kuimba katika maandishi ya karne ya 9, na majirani zetu Wagogo, mashariki mwetu kwa njia ya reli, wana uimbaji wao wa asili wenye sauti zinazoandamana kwa umbali wa noti nne na wa noti tano, bila kuazima kwa mtu yeyote. Vitabu vya darasani vinavyokataza mwendo huo vinazungumzia mtindo wa zama nyingine. Ukiutumia kwa makusudi, katika ubeti mzima, unapendeza. Ukiutumia kwa bahati mbaya, katika noti mbili tu, unasikika kama kosa.

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mgeni mbinu moja tu, ningechagua ile ya karne ya 15 inayohusishwa hasa na mtunzi Guillaume Du Fay, aliyefariki huko Cambrai mwaka 1474. Sauti ya juu huimba wimbo wa Kigregori uliopambwa kidogo. Sauti ya chini huuandama kwa umbali wa noti sita, isipokuwa mwanzoni na mwishoni mwa sentensi, ambapo hujitenga hadi oktava. Sauti ya katikati haiandikwi kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kuifuata ya juu, noti nne chini yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa solfa, wa juu akiimba do, wa katikati huimba so iliyo chini yake na wa chini huimba mi. Wimbo unapotua, wa chini hushuka hadi do. Wanaume wanaoujua wimbo wenyewe wanaweza kuimba hivyo baada ya mazoezi machache, na hutumii karatasi nyingi. Tahadhari iko kwenye ti: wa juu akiifikia, wa katikati hujikuta kwenye fa, na fa na ti zikisikika pamoja huvutana vibaya, hivyo karibu na kituo, pale wimbo unapotua, wa kale waliipandisha fa hiyo nusu toni kuwa fe. Masikio yaliyolelewa na nyimbo za karne ya 19 hushtuka. Mimi huiacha fa ilivyo katikati ya wimbo, nikaipandisha kwenye kituo cha mwisho tu, ambako mshtuko huo unaleta utamu.

Du Fay aliipanga mbinu hiyo kwa utenzi wenye beti nyingi, ubeti mmoja ukiimbwa na wote kwa sauti moja na unaofuata kwa sauti tatu. Mpangilio huo unawafaa waamini wetu, ambao hawapendi kunyamazishwa na kwaya muda wote.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa Kiswahili kinadai haki yake. Usichukue noti za Kilatini ukazibandika maneno ya Kiswahili kama yalivyo. “Kyrie eleison” ina silabi saba na “Bwana utuhurumie” ina nane, kwa hiyo hapo shida ni ndogo; lakini “Sanctus” ni silabi mbili dhidi ya tano za “Mtakatifu”, na “Agnus Dei” ni nne dhidi ya nane za “Mwanakondoo wa Mungu”. Ukilazimisha, mkazo utaangukia mahali pasipo pake na watu wataimba kwa haraka kama wanaosoma tangazo. Weka pigo zito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ti ya “Mtakatifu”; ila ndo ya “kondoo” uipime kwa sikio kabla hujaamua, kwa kuwa o mbili zinazofuatana hurefusha neno. Kisha kumbuka kwamba m ya “Mtakatifu” ni silabi kamili inayoimbwa midomo ikiwa imefungwa. Wote wakiianza pamoja hutoa mvumo mzuri. Ila katika wimbo ambao sauti huingia moja baada ya nyingine, mwimbaji anayeingia kwa m hasikiki kabisa. Kwa hiyo mwingilio wa kwanza mpe neno linaloanza kwa silabi wazi, au wapunguze nguvu wanaoendelea kuimba.

Zaburi zetu zina mistari mirefu, na kwa hizo wa kale walikuwa na njia nyepesi iliyoenea katika karne ya 16: sauti zote nne husimama, kila moja kwenye noti yake, zikatamka maneno kwa mwendo wa kusema, kisha zikatembea pamoja kwenye noti chache za kutua. Hakuna haja ya kuhesabu mapigo. Kinachohitajika ni kwamba wanaume wote wapumue mahali pamoja, na hilo hufundishwa kwa kusoma zaburi kwa sauti kabla ya kuiimba.

Usikimbilie sauti nne. Wanaume wetu wana kazi za zamu relini, na mvua zikianza wengi huelekea kwenye mashamba ya tumbaku, hivyo kwaya iliyokuwa na baritoni sita hujikuta na mmoja. Mtunzi William Byrd, Mkatoliki katika Uingereza iliyokuwa imeikataa ibada yake, alichapisha katika miaka ya 1590 Misa ya sauti tatu, na Misa zake ziliimbwa na makundi madogo katika nyumba za watu binafsi. Ukiisoma utaona jinsi sauti tatu zinavyotosha kutamka Misa nzima pasipo pengo. Panga sauti tatu zilizokamilika, kisha, ukipata watu, ongeza ya nne kama nyongeza inayoweza kuondolewa.

Mazoezi yafanyike bila kinanda. Umeme ukikatika hamtapungukiwa na kitu, lakini sababu kubwa ni nyingine: kwenye kinanda, mi imepandishwa kwa takriban asilimia 14 ya nusu toni kuliko ile inayotulia vizuri sikioni juu ya do. Waache besi washike do ndefu, wengine waitafute so hadi itulie, ndipo mi iingie kwa upole, chini kidogo kuliko walivyoizoea.

Chunguza pia jengo. Muziki huu ulizaliwa kwenye makanisa ya mawe yenye mwangwi mrefu, ilhali kanisa lenye dari ya jipsamu humeza sauti, na chini ya mwembe hakuna mwangwi kabisa. Noti iliyoandikwa ishikwe kwa mapigo manane itakufa kabla ya sita. Ifupishe, au wagawe besi katika makundi mawili yanayopumua kwa zamu.

Ufunguo uamuliwe kwa kujaribu saa ileile mtakayoimba. Koo la mwanamume huwa zito alfajiri, kwa hiyo wimbo uliokaa vizuri katika mazoezi ya jioni huwatesa tenori katika Misa ya kwanza. Andika funguo mbili juu ya karatasi, wa asubuhi na wa jioni, na anayeanzisha wimbo aujue wake kabla hajatoka nyumbani.