Mwalimu wa uchumi, soko kwanza, grafu baadaye

Miaka yangu ya mwanzo chuoni nilifundisha ugavi na mahitaji kama nilivyofundishwa mimi: mistari miwili ubaoni, herufi P (bei) na Q (kiasi), kisha mtihani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walichora vizuri, wakafaulu. Lakini ukiwauliza kwa nini tenga la nyanya limepanda bei wiki hii, jibu ni "wafanyabiashara wana tamaa". Liliniuma sana hilo, maana baadhi yao wamesomeshwa kwa nyanya hizo hizo.

Nikageuza darasa kuwa soko. Wanafunzi 44, nusu wauzaji, nusu wanunuzi, kila mmoja na kadi yake ya siri. Ya muuzaji inasema tenga limemgharimu kiasi gani. Ya mnunuzi, mwisho wa uwezo wake. Kila upande kadi zinaanzia shilingi 15,000 hadi 25,000, zikipishana kwa elfu moja, kila kiasi kadi mbili. Huuzi kwa hasara, hununui kupita kadi.

Mara ya kwanza nilivuruga. Niliwaacha watafutane wawili wawili, wapatane kwa kunong'onezana, raundi moja tu. Wengine waliuziana kwa 17,000, wengine kwa 24,000, huku grafu yangu ikidai 20,000, pale mistari miwili inapokutana. Baadaye nikajua kwamba mchumi Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, yalimkuta hayo hayo darasani, akayaandika mwaka 1948. Vernon Smith, aliyeshiriki zoezi hilo akiwa mwanafunzi, alikuja kubadilisha mambo mawili: bei zitangazwe kwa sauti, na soko lirudiwe. Alichapisha matokeo mwaka 1962. Mwaka 2002 akawa mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Usiyaache hayo mawili. Andika kila bei ubaoni papo hapo, rudia raundi nne au tano. Kwangu ya kwanza huyumba. Ikifika ya nne, bei zinazunguka 20,000, na hakuna aliyeona kadi ya mwenzake. Darasa likiwa kubwa mno, fanya kwenye semina.

Kisha weka kodi ya 4,000 kwa kila tenga, alipe muuzaji. Bei hupanda hadi karibu 22,000, si 24,000, na mauzo hushuka kutoka matenga 12 hadi 8 hivi. Raundi inayofuata, kodi ile ile mhamishie mnunuzi. Wauzaji watashangilia, mpaka wahesabu: bei imeshuka hadi karibu 18,000, na mfukoni wamebaki na kile kile.

Hapo binti mmoja aliyekuwa kimya muhula mzima alisimama, kadi mkononi. "Kwa hiyo Mwalimu, ushuru anaotozwa mama sokoni, nusu yake inalipwa na mteja?"

Nikamwambia inategemea kama mteja ana pa kukimbilia.

"Anapo. Ng'ambo ya barabara wanapanga chini, hawatozwi."

Nikachukua chaki, tukaanza kuchora mistari kutokea kwenye meza ya mama yake.